Trei za mayai bandueni, tundikeni pazia (uzi wa tunaorekodia kwenye vyumba vya kupanga)

Sautikavu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi naandika kwa uchungu kidogo maana nimepoteza hela, nimepoteza mteja na nimepoteza rangi ya ukuta wa mwenye nyumba, kwa hiyo kaeni mkao wa kula, ni mrefu.

Kazi yangu ni kusoma. Nasoma matangazo ya maduka, simulizi za mtandaoni, saa nyingine masomo ya watoto wa sekondari, natumiwa maandishi narekodi narudisha. Naishi Tabata, chumba na sebule, sebule ndo ofisi. Nyumba yenyewe mpya, chini tailizi, ukuta umepigwa skimu na rangi ya mafuta, juu jipsam, dirisha la alminiamu. Ukiingia unasema mashallah pazuri. Sasa piga kofi moja katikati ya sebule. Trrrrrr! Kama mtu kaangusha sahani ya bati na inazunguka. Mteja mmoja alinirudishia kazi na neno moja tu, "mbona uko bafuni?" Nikarudia, akarudisha. Mara ya tatu hakujibu, akatafuta mtu mwingine.

Nikafanya kama tunavyofanya wote, nikaenda kwa muuza chipsi nikaomba trei za mayai. Trei 46, gundi ya mbao, Jumapili nzima. Sebule ikafanana na zile studio za uswahilini, nikapiga na picha nikaweka status. Halafu nikapiga kofi. Trrrrr. Labda ilipungua kidogo sana kwenye s na sh lakini bafu lilibaki bafu. Wiki ya pili mende wakahamia, wiki ya nne mwenye nyumba kaja kuchukua kodi, maneno niliyoambiwa siyaandiki hapa. Nilipobandua, trei zikaondoka na rangi.

Akili ilinijia Ilala. Nilikuwa nimeingia kwenye kibanda cha mama mmoja anauza mapazia na mablanketi ya mtumba, yametundikwa juu mpaka chini pande tatu na katikati kuna rundo, simu ikaita. Mteja. Tumeongea dakika mbili akaniuliza "leo uko studio ya nani, mbona sauti safi hivyo?" Nikaangalia juu, bati. Nje makonda wanaita, mkokoteni unapita, ila ndani ya kile kibanda sauti ikitoka mdomoni inaishia hapo hapo, hairudi. Nilisimama napiga makofi kama mjinga mpaka yule mama akadhani namuita mtu.

Nikanunua mapazia mawili ya velveti yenye bitana, mazito yale ukiyabeba begani unayumba, rangi ya damu ya mzee. 35,000 yote baada ya kubembeleza sana. Matokeo nakuja kuyaweka, naenda kula kwanza.

Jongomeo

Nimeweka kiti hapa mbele kabisa

Mtaa wa Pili

Trei 46!! Mkuu hao wenye chipsi walikupendea nini

Sautikavu

Nimerudi. Sasa kosa la kwanza. Nilichukua misumari nikayatandaza ukutani, yamenyooka kama shuka limepigwa pasi, kila pazia limebana ukuta. Nikapiga kofi. Imepungua ndio, lakini sio kile kibanda cha Ilala, hata karibu. Nikaanza kumlaani yule mama kimoyomoyo.

Jirani yangu wa chini ni fundi cherehani, anashona pazia za watu wa maofisini. Alikuja kuomba sukari akaona, akacheka. "Baba, pazia umelinyoosha hivyo, marinda yako wapi? Hilo umevalisha ukuta kanzu ya kubana." Yeye alikuwa anaongelea urembo tu, lakini nikamsikiliza. Tukayatoa, akayavuta yote mawili yakae kwenye upana ambao mwanzo ulikuwa wa pazia moja, marinda manene, na badala ya misumari tukaweka bomba la pazia lenye vishikio virefu, likakaa mbali na ukuta kama shubiri moja hivi, tuseme sentimita 15 mpaka 18.

Kofi. Pa. Basi. Imeisha.

Wakuu sijabadilisha kitambaa, kitambaa ni kile kile, hela ni ile ile. Nimebadilisha mikunjo na umbali. Mpaka na boda za nje zimepungua. Anayejua sababu aje atuambie maana mimi sijui, najua imekubali.

Mwl Vipindi

Ngoja nitoe chaki. Nafundisha fizikia, hili kidato cha pili huwa nalipitia haraka haraka na wanafunzi hawanielewi, labda nyie mtanielewa.

Sauti ni hewa inayokwenda mbele na nyuma. Ikikutana na ukuta wa skimu na rangi ya mafuta inagonga inarudi karibu yote, ukuta unakula asilimia moja au mbili, inayobaki inaenda ukuta wa pili, inarudi, hivyo hivyo. Zile kuta mbili zinazotazamana ndo zinakupa trrrr, sauti inachezeshwa kama mpira wa tenisi. Kitambaa kazi yake ni kuifanya ile hewa ipenye katikati ya nyuzi. Ikipenya inasuguana na nyuzi, msuguano unakuwa joto, joto dogo mno hata huwezi kulipima kwa mkono, lakini sauti imepungua. Kwa hiyo kitambaa hakigombani na sauti, kinaisugua mpaka inachoka.

Sasa ukutani kabisa hewa haiwezi kwenda mbele na nyuma, maana ukuta umeizuia. Hewa haitembei, utaisugua na nini? Ndo maana pazia lililobana ukuta ni kama halipo. Hewa inatembea sana ukiwa mbali na ukuta kwa robo ya urefu wa wimbi. Sauti inaenda mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa hezi 1,000 (yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde) wimbi lake ni sentimita 34, robo yake ni 8.5. Mlio wa hezi 500 robo ni sentimita 17. Shubiri yako imeangukia hapo hapo katikati ya maneno ya binadamu. Jirani yako wa cherehani amepiga hesabu bila kalamu.

Marinda nayo, kwanza kitambaa kinakuwa kingi, pili kila kunjo liko umbali wake na ukuta, lingine karibu lingine mbali, kwa hiyo milio mingi zaidi inakutana na sehemu yake. Kuna majedwali ya watu wa akustiki, yaani elimu ya sauti, yanatumika miaka mingi: velveti nyepesi ya gramu 340 hivi kwa mita ya mraba, imenyooka imebana ukuta, kwenye hezi 1,000 inakula asilimia 17 ya sauti inayoigonga. Velveti ya gramu 475 yenye marinda, kitambaa mara mbili ya upana wa ukuta, inakula asilimia 75. Muone tofauti.

Jongomeo

Mwalimu kama ungenifundisha wewe nisingekuwa hapa nauza vocha

Fundi Pazia Kkoo

Habarini, mimi niko Kariakoo nauza na kushona. Tuna pazia za kuzuia sauti kabisa, zina mpira kwa nyuma, mwanga haupiti sauti haipiti. Karibuni inbox.

Mwl Vipindi

Ndugu fundi nakuheshimu kwa biashara yako lakini hapo kwenye "sauti haipiti" twende taratibu. Kuna kazi mbili tofauti na watu wanazichanganya, hata mwanzisha uzi amezichanganya aliposema boda zimepungua. Kazi ya kwanza ni kuua mwangwi wa ndani, yaani sauti yako mwenyewe isirudi. Hiyo inataka kitu kinachopitisha hewa kwa shida. Kazi ya pili ni kuzuia kelele za nje zisiingie. Hiyo inataka uzito na kuziba matundu. Ukuta wa tofali uliopigwa plasta una kilo zaidi ya 200 kwa mita ya mraba, pazia zito sana lina nusu kilo. Hata ukizidisha uzito mara mbili unapata kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) sita tu zaidi, sasa utazidisha mara ngapi mpaka ufikie ukuta? Na pazia lenyewe lina mwanya juu, chini na pembeni, sauti inapita hapo kama maji.

Hilo la mpira kwa nyuma ni zuri kwa kulala mchana. Kwa mwangwi linaweza kuwa baya kuliko la kawaida, maana hewa haipenyi, inagonga mpira inarudi.

Sautikavu

Mwalimu nilitaka kukubishia lakini nikasema ngoja nijaribu kwanza. Nimeweka simu katikati ya sebule, nikarekodi dakika tano pazia zikiwa zimefungwa, dakika tano nimezikusanya pembeni zote. Muda ule ule wa saa kumi na moja jioni boda zinapita. Nikasikiliza kwa hedifoni.

Boda ni zile zile. Nakiri mbele ya hadhara. Kilichotokea ni kwamba boda ikipita zamani ilikuwa inaingia na kuzunguka sebuleni, sasa inaingia na kuondoka, ndo maana nikaona kama imepungua. Jogoo wa jirani naye yuko pale pale, anasikika mpaka anavyovuta pumzi.

Fundi Pazia Kkoo

Sasa sisi tuuze nini jamani 😅 Sawa mwalimu, nifundishe basi, mteja akija anataka la mwangwi nimpe lipi?

Mwl Vipindi

Mwambie alipulize. Kweli kabisa, chukua kitambaa ubane mdomoni upulize. Hewa ikipita bure kama unapuliza chandarua, hicho hakisugui kitu. Ikigoma kabisa kama unapuliza turubai, hicho kinarudisha sauti. Ikipita kwa shida, unaona mashavu yanavimba lakini upande wa pili mkono unahisi joto, hicho ndo chenyewe. Velveti ya pamba, blanketi la sufu, taulo nene, pazia za zamani za mtumba zile za kusuka sio za kumwagiwa plastiki.

Halafu upime uzito. Kama kitambaa kina upana wa mita 2.8, chukua mita moja weka kwenye mizani, ikisoma kilo 1.4 basi una gramu 500 kwa kila mita ya mraba, hapo umefika. Ikisoma nusu kilo hiyo ni ya kupamba dirisha, iuzwe kwa kazi hiyo na bei hiyo.

Fundi Pazia Kkoo

Nimepima tatu hapa dukani sasa hivi kwenye mizani ya jirani wa mchele. Ile niliyokuwa naiita nzito kuliko zote imekuja kilo 0.9. Nimeaibika kidogo ila nimepata somo. Watu wangu wanapenda kitambaa kinachong'aa, hiki cha kupuliza kwa shida wengi wanakiona cha kizee.

Mtaa wa Kayole

Niaje watu wa Bongo. Mimi niko Nairobi, narekodi podikasti na mabeshte wawili. Nilienda Gikomba nikabeba mablanketi kama kumi hivi tukatundika kila ukuta, hata mlango, hata dari. Sasa bafu imeisha lakini sauti imekuwa ni kama mtu amevalishwa ndoo kichwani. Imekuwa nzito, imezama, haina uhai. Shida iko wapi?

Mwl Vipindi

Blanketi jembamba linakula milio myembamba tu, yaani s, sh, ch, t, zile zinazofanya neno lieleweke. Milio mizito inapita hapo kama haipo. Kumbuka robo ya wimbi: mlio wa hezi 100, ambao ndo sauti ya mwanaume inaanzia maeneo hayo, robo yake ni sentimita 85. Blanketi la sentimita moja lililobana ukuta litaifanya nini? Hata ile velveti nzito kuliko zote kwenye jedwali, gramu 610, yenye marinda, kwenye hezi 125 inakula asilimia 14 tu wakati kwenye 1,000 inakula 72. Kwa hiyo mmenyonga juu mkaacha chini, chumba kinavuma chini peke yake, hiyo ndo ndoo.

Dawa yake ni unene, sio wingi. Toa nusu ya mablanketi. Yanayobaki yakunje mara tatu mara nne, yasogeze mbali na ukuta. Halafu tafuta godoro la zamani la sponji la inchi sita au nane, liegeshe kwenye kona, nyuma yake kukiwa na ile nafasi ya pembetatu. Milio mizito inajikusanya kwenye kona, ndo pa kuikamatia.

Mtaa wa Kayole

Godoro liko, la beshte yangu, yeye atalala wapi hiyo ni kesi ingine

Sautikavu

Mwalimu hebu nipigie na mimi hesabu ya sebule yangu, ina mita 4 kwa 3.5, kwenda juu 3. Pazia limefunika ukuta wote wa mita 3.5, urefu 2.5.

Mwl Vipindi

Sawa. Kanuni ni ya profesa mmoja wa Harvard, Wallace Sabine. Mwaka 1895 aliambiwa na chuo arekebishe ukumbi wa mihadhara wa Fogg, mhadhiri akisema neno moja lilikuwa linaning'inia sekunde tano na nusu hivi, maneno yanapandana kama abiria wa daladala la jioni. Vifaa hana. Alichukua paipu ya kinanda, saa ya kusimamisha, na mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, Sanders Theatre. Usiku kukitulia anabeba mito na wasaidizi wake, wanaiweka, analiza paipu, anahesabu sekunde mpaka masikio yasisikie tena, wanaongeza mito, anahesabu tena, asubuhi wanarudisha mito kabla watu hawajaja. Elimu yote ya akustiki ya kumbi imeanzia kwenye mito ya kukalia. Baadaye ndo akaitwa kushauri Boston Symphony Hall iliyofunguliwa 1900 na mpaka leo inasifiwa.

Kanuni: sekunde za mwangwi ni 0.161 zidisha ujazo wa chumba gawanya kwa jumla ya eneo linalokula sauti. Sebule yako ujazo ni mita 42, kuta na sakafu na dari jumla mita za mraba 73. Tuseme ikiwa tupu inakula asilimia 5 kwa wastani, tukihesabu na mlango na jipsam na dirisha, unapata 3.65. Jibu sekunde 1.85, ndo bafu lako. Pazia lako lina mita 8.75. Likiwa limenyooka limebana ukuta, asilimia 17, unashuka mpaka sekunde 1.3. Likiwa na marinda na nafasi, tuseme asilimia 70, unashuka mpaka 0.69. Ukitupia zulia la mita sita chini unafika kwenye 0.56. Lakini kwenye hezi 125 bado uko kwenye 1.4, kwa hiyo na wewe godoro linakuhusu.

Kanuni hii kwenye chumba kidogo inakadiria tu, usiichukue kama maandiko.

Mhasibu wa Kwaya

Bwana asifiwe wapendwa, na wengine salaam. Mimi kanisa letu ni kubwa, mita 20 kwa 12, kwenda juu kama 6, tailizi, kuta za saruji, viti vya plastiki. Ijumaa tukifanya mazoezi ya kwaya sauti zinagongana hatuelewani, Jumapili kukijaa inakuwa nzuri kabisa. Kamati inataka kununua vitambaa vya satini vile vya mapambo ya harusi tuzungushe madhabahu, wamesema vitapunguza mwangwi. Naomba ushauri maana mimi ndo naandika hundi.

Mwl Vipindi

Usiandike hiyo hundi kwa sababu ya mwangwi. Kwa urembo sawa. Satini ya mapambo ni nyepesi mno, na eneo ni dogo kwa ukumbi huo.

Angalia: ujazo wenu ni mita 1,440. Tuseme kanisa tupu eneo linalokula sauti ni mita za mraba 80, mnapata sekunde 2.9. Hata mkiweka pazia mbili za velveti nzito za mita sita sita, mnaongeza 8.4, mnashuka mpaka 2.6. Hamtasikia tofauti kubwa. Sasa Jumapili wameingia watu 300, kila mtu na nguo zake anakula kama mita 0.45, hiyo ni 135. Mnashuka mpaka sekunde 1.1. Dawa ya mwangwi wa kanisa lenu ni waumini, haha.

Kama hela ipo, weka velveti nzito yenye marinda ukuta wa nyuma kabisa wote, ule unaotazamana na spika, maana ndo unaorudisha sauti ya spika mbele. Na spika zishusheni na kuzielekeza kwa watu sio kwenye dari. Hii ya spika haina gharama.

Mhasibu wa Kwaya

Asante sana mwalimu. Shida ukuta wa nyuma kuna maneno yameandikwa kwa gharama, mwenyekiti hatakubali yafunikwe. Nitajaribu ya spika kwanza.

Mvita77

Assalaam aleikum. Mie nipo Mombasa, Mji wa Kale. Nasoma huu uzi nacheka pekeyangu, kwa sababu nyumba ya bibi yangu haijawahi kulia hiyo trrr munayoisema. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene, hazijanyooka hata kidogo, juu boriti za mikoko zimepangwa, chumba chembamba kwa sababu boriti yenyewe haifiki mbali. Ndani kuna zidaka ukutani, kitanda kikubwa, mikeka. Kuna watu hawakusoma kanuni ya Harvard na mambo yalikuwa sawa. Mjomba wangu amejenga Nyali, tailizi mpaka ukutani, tukienda kumuona tunaongea kwa kupiga kelele kama tuko bandarini.

Mwl Vipindi

Wa aleikum salaam. Zidaka na boriti hazili sauti, zinaivunja. Sauti inagonga kishubaka kimoja inarudi huku, kingine inarudi kule, haipati kuta mbili laini za kuchezea mpira. Kabati la vitabu lenye vitabu vya saizi tofauti linafanya kazi hiyo hiyo. Mkeka wa ukindu ni mwembamba, unasaidia kidogo tu, lakini kitanda chenye godoro na chandarua na nguo zilizotundikwa, hapo pana kazi kubwa. Umwambie mjomba atundike pazia za marinda hata upande mmoja na atandike zulia nene, akikataa mnunulieni maiki.

Binti wa Kabatini

Mbona hamjasema kabati? Mimi mwaka 2020 watu wote wakiwa nyumbani nilikuwa nasoma taarifa kwa simu nikiwa nimeingiza kichwa kwenye kabati la nguo, madera na makoti, shingo iliniuma lakini mhariri alikuwa anasifia kila siku. Pazia gani wakuu, fungua kabati.

Sautikavu

Kabati langu lina mashati manne dada yangu

Fundi wa Mbao

Kwa ambao hamuwezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba: fremu ya mbao mbili kwa moja, kimo cha mtu, upana mita moja, ndani pangeni taulo za mtumba zilizokunjwa mpaka unene wa inchi nne, juu vaa kitenge, nyuma pia kitenge, piga stepla. Kitenge hewa inapita vizuri kwa hiyo hakizuii kitu, ni nguo tu ya kuficha mataulo. Weka miguu isimame yenyewe. Nimetengeneza sita, mteja akihama anahama nazo. Msiweke karibu na mshumaa wala balbu ya moto, na zile trei za mayai nazo zinashika moto kama karatasi, watu hawalisemi hili.

Jongomeo

Swali la mtu mwenye chumba kimoja. Pazia liwe moja tu ndo naweza. Niliweke wapi, mbele yangu au nyuma yangu?

Sautikavu

Hili nimelijaribu mwenyewe. Nyuma yako. Nilikuwa naweka mbele, nyuma ya maiki, nikijua sauti inatoka mdomoni inaenda mbele. Lakini maiki inakutazama wewe, kwa hiyo kila kinachorudi kutoka ukuta wa mgongoni kwako kinaingia moja kwa moja. Nilipogeuza nikasikia tofauti kubwa kuliko ile ya kuongeza pazia la pili. Mwalimu utanirekebisha.

Mwl Vipindi

Uko sahihi, kwa hizi maiki za kusikiliza mbele. Na akae asiwe katikati kabisa ya chumba.

Sautikavu

Wakuu mrejesho wa mwezi. Kwanza habari mbaya, bomba liliachia. Saa nne usiku nasoma tangazo la sabuni, nasikia krrr, nageuka, kilo kama kumi za velveti ziko kichwani na maiki iko chini ya kochi. Pazia la uzito huu usilitundike kwa skrubu mbili za fundi dirisha, toboa ukuta, weka plagi nene, vishikio vitatu sio viwili. Maiki imepona, kioo cha simu hakijapona.

Pili, nyuma ya pazia kule chini ukutani palianza kuota ukungu, Dar hii na unyevu wake, na kwa sababu nilikuwa silikusanyi kabisa. Sasa hivi kila asubuhi nalivuta pembeni na kufungua dirisha, Jumamosi nalipeleka juani kulikung'uta. Vumbi lililotoka mara ya kwanza nilikohoa siku mbili. Joto nalo ni habari nyingine, feni nikiwasha inaingia kwenye rekodi, nikizima najipepea na karatasi ninayoisoma, na karatasi nayo inaingia kwenye rekodi.

Habari nzuri, godoro la inchi sita nimelipata kwa 20,000, limesimama konani limevalishwa shuka, wageni wanadhani kuna mtu amejificha. Ile ndoo ya chini imepungua sana. Yule mteja wa bafuni nilimtumia kazi mpya bila kumwambia chochote, sekunde thelathini tu. Kajibu "hapa sawa". Hajaniuliza nimefanyaje na mimi sijamwambia.

Fundi Pazia Kkoo

Na mimi nimeleta velveti mpya, mita moja kilo 1.5, nimeweka na mizani mlangoni. Wateja wanapuliza pazia dukani, majirani wanatushangaa.

Mtaa wa Kayole

Godoro limefanya kazi buda. Beshte amehamia kwa sofa.

Jongomeo

Sautikavu, na yule jogoo?

Sautikavu

Yupo. Nimehamisha ratiba, narekodi saa saba usiku mpaka saa tisa na nusu, kabla hajaamka. Niliulizia bei kwa mwenyewe, kasema sio wa kuuza, ni wa mbegu.